Ufunguo wa Mwali

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii mimi naianza tu. Watakaoimaliza ni ninyi, na sitaki mtu aniamulie huku anakoroma.

Palikuwa na Mzee Pazi, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Mbagala, na mkewe Bi Kalunde, Mnyamwezi wa kule Sikonge. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, kwa hiyo ndoa yao ilianza kwa kutaniana na haikuwahi kuishiwa maneno.

Binti yao Sikudhani alikuwa fundi wa magari, na alikuwa na sikio. Nikisema sikio sisemi hili la kuning'inizia hereni. Gari lilipita barabarani, yeye yuko jikoni anakuna nazi, akasema, "Lile beringi ya nyuma imekwisha, halifiki Kongowe." Na kweli halikufika. Katika nyumba hiyohiyo alikulia Mfaume, mtoto wa kaka yake Mzee Pazi, mnadi wa nguo za mitumba, naye alikuwa na ulimi. Aliwahi kumuuzia mtu kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto, na mnunuzi akaondoka anashukuru. Bi Kalunde mwenyewe alikuwa na pua. Aliinusa mvua kabla wingu halijajikusanya, na alijua kama mumewe kapitia kwa muuza mishikaki kabla hajavua kandambili.

Je, Mzee Pazi alikuwa na nini? Alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu aliyoiita Mwali, kwa sababu ilifungiwa ndani, ikapakwa mafuta, ikatolewa nje siku za sherehe tu. Tena alikuwa na jicho. Nasema jicho, si macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kwa presha ya macho, na daktari alimwambia bila kumficha kwamba la kulia nalo linaelekea hukohuko.

"Mzee, kama kuna kitu unatamani kukiona," daktari alisema, "kakione mwaka huu."

Jioni ile Mzee Pazi aliwakusanya watu wake watatu kwenye mkeka. Walidhani atataja bahari, au nyumba aliyozaliwa. Akasema, "Nataka kuyaona majani ya Kalunde."

Sasa niwaeleze majani hayo. Sebuleni kwao ilining'inia kalenda iliyopitwa na miaka mingi, ikabakizwa kwa ajili ya picha yake: msitu wa Ulaya majira ya majani kupukutika, mwekundu wote kama jiko la mkaa. Siku ya kwanza Bi Kalunde alipoiona picha ile, akiwa bado bi harusi, alicheka. "Hata kwetu yapo," alisema. "Ila kwetu jani huwa jekundu likizaliwa. Kiangazi kikikaribia kuisha, kabla ya mvua, miti ya miyombo huchipua majani mekundu. Ukijani huja baadaye."

"Jani likiwa jekundu linakufa," Mzee Pazi alibisha. "Picha hiyo hapo ukutani. Mnyamwezi gani wewe usiyejua kuzaliwa na kufa?"

Ubishi huo waliula na kuulalia miaka yote ya ndoa. Lakini jioni ile mzee hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa, na alisema hivyo. "Giza linakuja, na picha ninayoijua ni hiyo ya majani yanayokufa. Kama iko nyingine, nataka niingie nayo gizani." Kisha akautoa ufunguo wa Mwali mfukoni. "Mimi kuendesha gari ndiyo basi tena. Naapa mbele yenu: atakayenifikisha nikayaona kwa jicho langu, Mwali ni wake."

Kila mmoja aliutazama ufunguo. Sikudhani alikuwa akizunguka kwa miguu na begi la spana kuwafuata walioharibikiwa barabarani. Mfaume alikuwa akikodi mkokoteni kusafirisha mabunda yake. Na Bi Kalunde, ambaye hakujua hata kuwasha gari, alikuwa na yake moyoni.

Wakaondoka Oktoba. Sikudhani alishika usukani, mama katikati, mzee dirishani, na Mfaume nyuma kwenye bodi pamoja na madumu ya maji. Morogoro wakaipita, Dodoma wakalala, Manyoni wakanywa chai. Mzee Pazi alikuwa akifunga jicho kila walipofika penye vumbi, kama mtu anayebana matumizi.

Walipoiacha Itigi nyuma, Sikudhani alisema, "Gari linakohoa."

"Mwali hana kikohozi," baba yake alimjibu. Hawakufika mbali, Mwali akazimika katikati ya pori, kimya.

Dereva wa lori aliyesimama kuwasaidia aliinua boneti, akatikisa kichwa. Injini imekwisha, alisema, livuteni mpaka Singida, mafundi walifungue lote, wiki nzima hiyo. Bi Kalunde akayatazama mawingu. Wiki nzima mvua ingekuwa imeshapiga, na majani yangekuwa yameanza ukijani. Mzee Pazi aligeukia upande wa pori ili watu wasimwone uso.

Sikudhani hakumjibu dereva. Alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini na mpini sikioni, akamwambia Mfaume, "Piga starta." Akahamisha bisibisi. "Tena." Akafumba macho. "Tena." Kisha akatabasamu. "Injini haijafa. Ina njaa. Kuna mahali inafyonza hewa badala ya petroli, nasikia mluzi." Akafuata mpira wa mafuta kwa vidole hadi penye ufa ambao hata dereva wa lori, kwa macho yake mawili mazima, hakuuona. Akaukata pale, akauunga, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mwali akaitika. Dereva wa lori alipanda gari lake bila kuaga.

Walifika kijijini kwao Bi Kalunde asubuhi ya pili, wakakuta visiki. Mahali alipookotea uyoga utotoni palikuwa na mashamba ya tumbaku mpaka upeo wa macho, na mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, yakinuka moshi wa msimu uliopita.

"Miti, mama?" mwenyeji mmoja aliwajibu. "Yote ilishaingia kwenye mabani. Kuni hizo."

Bi Kalunde alikaa juu ya kisiki akalia kwa sauti, kama mtu aliyefika msibani amechelewa. Mumewe alipapasa mpaka akamfikia, akakaa kando yake.

"Basi, mtani wangu," alisema. "Turudi. Mimi nimeshakuamini."

"Hukuja huku kuamini," Bi Kalunde alimjibu, akijifuta kwa upindo wa khanga. "Umekuja kuona. Wewe kaa hapo."

Upepo ukageuka. Bi Kalunde akainua pua, akavuta hewa. Kisha akasema kwa ukali, "Mfaume, kasimame kule mbali, marashi yako yananiziba!" Mfaume akaenda, akiyalaani marashi aliyojinunulia mwenyewe. Bi Kalunde akanusa tena, taratibu.

"Unanusa nini, mama?" Sikudhani aliuliza.

"Asali ambayo haijawa asali. Maua ya miyombo. Na penye maua, na majani mapya yapo. Washa gari."

Wakaufuata upepo. Kila njia panda Bi Kalunde alishuka, akaipa harufu ya mabani kisogo, akanusa, akaonyesha kidole. Mara nyingine kidole kilionyesha pasipo na njia, na Mwali akapita kwenye mchanga na vichaka vilivyomkwaruza ubavu, na mwenye gari hakulalamika hata mara moja. Alasiri wakaona mbele yao mstari wa msitu. Jua lilikuwa nyuma yake, hivyo kwa mbali ulionekana mweusi tu.

Na mbele ya msitu palikuwa na mti wa kizuizi uliolazwa njiani, kibao, na mlinzi ameketi kwenye kigoda. Jina lake Mihayo.

"Msitu wa kijiji umefungwa," alisema. "Msimu wa moto. Haingii mtu bila kibali cha wilaya. Leo Ijumaa, ofisi imeshafungwa. Rudini Jumatatu."

Bi Kalunde akambembeleza kwa Kinyamwezi. Hapana. Sikudhani akaeleza habari za jicho. Mihayo akaona huruma, ikaonekana usoni, lakini hapana. Nyuma yao wingu likanguruma, na mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu asubuhi hakioni vizuri kikombe chake.

Mfaume wakati wote huo alikuwa anasoma kibao. Akakisoma mara mbili, kisha akamgeukia mlinzi. "Wewe ni Mnyamwezi?"

"Kwani naonekana Mmasai?"

"Nilijua. Babu yako alipofika pwani na mzigo kichwani, aliiona bahari akauliza nani kamwaga. Akaonja, akasema mpishi hajui kupima chumvi."

Mihayo akainuka. "Mzaramo wewe! Na babu yako alikuwa wapi siku hiyo? Amelala chini ya mnazi, kinywa wazi, anasubiri nazi idondoke!"

"Kweli kabisa," alisema Mfaume. "Na ndiyo iliyomuua." Hapohapo akajilaza chali njiani, chini ya kizuizi, akakunja mikono kifuani. "Na mimi nimekufa. Mtani, kazi kwako. Kibao chako kinasema msitu umefungwa isipokuwa kwa mazishi na matambiko. Maiti ni mimi, wafiwa hao hapo, na wa kunizika, kwa desturi ya utani, ni wewe. Au utaniacha ninukie getini kwako mpaka Jumatatu?"

"Tayari unanukia," Mihayo alisema.

Akajaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akaushika mti wa kizuizi asianguke, na alipomaliza kucheka mti ulikuwa juu. "Wilaya wakiniuliza nitawaambia palikuwa na msiba. Moto hakuna, kukata hakuna, na jua lisiwazamie humo. Maiti, simama utembee."

Wakaingia. Bi Kalunde alimshika mumewe mkono, akamwambia ainamishe kichwa mpaka atakapomwambia. Walipokuwa wamepita miti ya kwanza na jua likawa linatoboa katikati ya matawi, alisema, "Sasa."

Mzee Pazi akainua uso. Juu yake kote kulikuwa kwekundu. Nyekundu ya damu, nyekundu ya shaba, nyekundu ya matofali ya kuchoma, na jua likipita ndani ya kila jani. Ardhi ilikuwa kavu, haijaona tone tangu Mei, na bado miti ilikuwa imetoa hayo. Akatazama kwa muda mrefu. Bi Kalunde akamvutia tawi la chini, akaweka kiganja cha mumewe juu ya jani. Lilikuwa laini, na lenye unyevu kidogo, kama sikio la mtoto mchanga.

"Kumbe halifi," alisema mzee. Machozi yalimtoka kwa jicho linaloona na kwa lisiloona. "Ni kichanga. Kalunde, umenishinda."

"Sema tena," alisema mkewe.

"Umenishinda."

Mzee Pazi alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hutimiza ahadi upesi. Akatoa ufunguo, akanyoosha mkono, na mkono ukasimama hewani.

"Baba," Sikudhani alianza, "bila sikio langu sasa hivi tungekuwa Singida, tumekaa kwenye benchi la fundi."

"Sikio lako pale getini lilisikia nini zaidi ya hapana?" Mfaume aliuliza. "Baba mdogo, mimi nimekufa kwa ajili yako. Nani mwingine hapa kafa?"

"Na ulimi wako kule kwenye visiki uliotesha mti gani?" Bi Kalunde alimkata. "Mmoja kasema na gari, mwingine na mlinzi. Msitu kaupata nani?"

"Mama, nawe pua ulikuwa nayo Itigi," Sikudhani alisema. "Mbona haikutuvuta?"

Mzee akawauliza kila mmoja gari angelifanyia nini. Sikudhani akasema angewafikia waliokwama barabarani kama wao walivyokwama. Mfaume akasema angeacha kuwalipa wenye mikokoteni, akafungua duka. Bi Kalunde akasema, "Mimi nitamtafuta dereva, nikulete hapa kila Oktoba. Asiyeona bado ananusa."

Ufunguo ukarudi mfukoni, na Sikudhani akauazima kwa safari ya kurudi tu. Walipofika Mbagala, Mzee Pazi aliutia kwenye uzi akauvaa shingoni. Msiniambie walitumie kwa zamu. Hilo lilisemwa, na mzee akakataa: aliapa kwa mmoja, na gari la wote halina wa kulitia mafuta.

Jicho la kulia lilizima mwaka uleule, kama daktari alivyosema. Mzee Pazi hakulalamika sana. Akiulizwa anaona nini, husema anaona nyekundu, na kalenda ile aliamuru ishushwe. Lakini Mwali amefunikwa turubai, hatoki, na ufunguo bado uko shingoni.

Asubuhi ya leo Bi Kalunde alisimama mlangoni, akainua pua kuelekea bara, akasema, "Yameanza." Mzee Pazi akasimama palepale, akapapasa fimbo yake. Anataka kwenda. Ameshauvua uzi, ufunguo uko kiganjani, kiganja kiko wazi, na watu watatu wamesimama mbele yake.

Je, wewe ungeamua vipi? Amueni upesi, wenzangu. Majani hayasubiri.