Jiwe la Mkweli

"Mwongo ni mwongo, bibi, hata akidanganya kwa machozi." Ndivyo alivyoniambia kwenye simu mjukuu wangu Mwanamvua, huyu aliye nesi huko Ayalandi, alipomaliza kunisimulia kisa cha huko, sauti kali kama mimi ndiye niliyedanganya. Dada yake Zuhura alikuwa hapa anapeta mchele. Akaidaka simu, akasema la, uko uongo wa sitara. Basi wiki ya pili leo hawasemezani. Kesi za ukoo huu zote nimezikata mimi, za mashamba, za wake wenza, ya yule mbuzi. Hii imenishinda, ndiyo naileta kwenu.

Hapo zamani, si ile zamani ya majini, zamani ya juzi hii ambayo redio zinasema na wakubwa wanaomba kura, kule Ayalandi, kwenye kijiji ambacho mvua hainyeshi bali inakaa, palikuwa na mtu na mkewe. Mume Malaki, mke Nuala. Kule kuni hakuna. Watu wanakata udongo mweusi kwenye kinamasi, wanaukata vipande kama matofali, wanauanika, ukikauka wanakokea moto. Malaki kazi yake ilikuwa hiyo. Na katika maisha yake yote alikuwa na hadithi moja tu: kwamba ujanani alikata udongo wiki nzima na Lorkani, huyu huyu Lorkani aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mvua inawapiga, wao wanakata.

Akiisema harusini. Akiisema kilabuni. Akiisema kanisani, padri anakohoa.

Hakuna aliyemwamini, na wa kwanza kutomwamini alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Paki, mchonga mawe ya makaburi. Malaki akianza, Paki anamalizia: "Na mimi nilikata na Papa, yeye ndiye aliyekuwa anapokezana nami jembe." Kilabu kizima kinacheka. Miaka thelathini. Malaki naye anacheka nao, lakini akirudi nyumbani Nuala anaona anavyokiweka kikombe mezani, polepole, kama mtu asiyetaka kisikike.

Na Nuala alikuwa anajua. Kiangazi cha hadithi ile Malaki alikuwa kavunjika mguu, yuko kitandani, mkewe anamlisha uji kwa kijiko. Hakukata udongo na Lorkani wala na nani. Nuala alijua, akanyamaza, maana mumeo akiwa na hadithi moja tu, utamnyang'anya umwachie nini?

Malaki akafa.

Sasa wakubwa wa kule wana desturi moja: hawakosi mazishi. Harusi atakosa, ubatizo atakosa, mazishi hakosi, kwa sababu aliyekushika mkono siku ya msiba humnyimi kura. Na huyu Lorkani alikuwa na utaratibu wake. Anatanguliza katibu wake mlangoni, katibu anawauliza wafiwa neno moja juu ya marehemu, anarudi kumnong'oneza mkubwa wake, na mkubwa analisema kaburini kama kalichota moyoni mwake. Nchi nzima inajua. Nchi nzima inalia vile vile.

Katibu akamwuliza Nuala, marehemu alijuana na Mheshimiwa? Nuala akatazama pembeni. Akamwona Paki kaegemea ukuta, mdomo umeshaanza kujipinda kwa kicheko. Nuala akasema, "Walikata udongo pamoja. Wiki nzima, mvuani."

Kaburini Lorkani akavua kofia. Akasema yeye na Malaki walikata udongo pamoja, wiki nzima, mvua inawapiga. Akaongeza, "Na siku ya mwisho tulikuwa na kiazi kimoja. Malaki akakigawa, kipande kikubwa akanipa mimi."

Watu wakalia. Waliomcheka Malaki miaka thelathini wakalia zaidi ya wengine. Paki alifunika uso kwa kofia yake. Hata mwezi haukuisha, akachonga jiwe kwa mkono wake, akalisimamisha kwenye kaburi la kaka yake. Juu jina: MALAKI. Chini yake: ALISEMA KWELI. Na Nuala kila asubuhi akawa analifuta jiwe lile kwa kitambaa, analala usingizi ambao hajaulala tangu aolewe.

Ukaja uchaguzi. Wapinzani wakachimbua picha: kiangazi kile Lorkani alikuwa Amerika, kavaa aproni, anaosha vyombo hotelini. Redio ikapasuka. Akaja mtu wa kukusanya maoni, mlango hadi mlango, karatasi mkononi, anauliza: katika kumi, Lorkani unamwamini kwa ngapi? Bibi mmoja akamjibu, sifuri. Na kura utampa nani? Akasema, Lorkani, nimpe nani tena, si alimzika mume wangu pia? Yule mtu akaandika, akafuta, akaandika tena. Lakini wengi hawakuwa kama bibi yule. Lorkani alianza na saba, akashuka tano, akashuka mbili.

Kila akiulizwa redioni, Lorkani anajibu hilo hilo: "Niliyoyasema kaburini nimeshayasema."

Paki akaisikia habari ya picha ile. Akachukua patasi na nyundo, akaenda makaburini. Akamkuta Nuala kaketi, kaliegemea jiwe kwa mgongo.

"Ondoka, shemeji," Paki akasema. "Mkono wangu haujawahi kuandika uongo. Huu ndio wa kwanza, na ni wa kwetu."

"Utanichonga na mimi, basi," Nuala akasema. Wala hakuondoka.

Siku nne kabla ya kura, Lorkani akaja mwenyewe, mchana, bila katibu. Akapewa chai jikoni. Kazeeka kidogo, Nuala akaona, kola imemlegea. Akasema, "Mama, nikisema nilidanganya, mumeo amerudi kuwa mwongo. Nikisema wewe ndiye uliyetwambia, mimi nimepona, wewe umekwisha. Nikinyamaza, nimeanguka. Nimeamua kunyamaza. Nilitaka ujue."

Nuala akamtazama. Akawaza, ananyamaza kwa huruma, au kwa hesabu? Maana kule mkubwa akimwanika mjane barazani, kura hapati hata ya mbwa wake. Na kama ni huruma, mbona kaja kuitangaza?

Akamwuliza, "Kile kiazi ulikitoa wapi?"

Lorkani akacheka, akainamisha kichwa. "Kiazi ni changu, mama. Sijui kwa nini. Kilikuja tu."

Na Nuala, msinicheke, hapo ndipo alipompenda kidogo. Kwa sababu Malaki naye, kila mvua ya hadithi yake, ilikuja tu.

Hakulala. Akilala upande huu anamwona Malaki anaweka kikombe. Akilala upande ule anamwona mtu anaanguka kwa neno alilolisema yeye. Jumapili, watu wanatoka kanisani, akasimama langoni, akasema bila kupaza sauti: "Mimi ndiye niliyemwambia katibu. Nilijua si kweli. Mwaka ule mume wangu alikuwa na mguu uliovunjika, na uji nilimlisha mimi." Akashika njia ya nyumbani, na mara hii aliyeweka kikombe polepole alikuwa yeye.

Jumatano Lorkani akashinda. Si kushinda, akafagia. Mtu wa maoni akarudi na karatasi yake. Lorkani mkweli? Mwongo, wakasema, lakini mwongo mwenye adabu, alimsitiri mjane. Unamwamini? Tisa katika kumi. Yule mtu, wanasema, siku hizi kaacha kazi, anafuga nyuki.

Likabaki jiwe. Paki akasema jina la Malaki analikwangua, ila neno ALISEMA KWELI haliwezi kufutika, kalichimba kwa kina mno, akilitoa jiwe litapasuka. Basi liandikwe jina jingine juu yake. La nani? Kijiji kikakaa, wakagombana kama wapo kwetu.

Paki akasema ni lake. "Miaka thelathini nilisema ni uongo. Mlinicheka? Hapana, mlicheka nami. Mliniona mbaya kaburini tu, siku mliyodanganywa wote. Ni nani hapa aliyesema kweli kabla yangu?"

Watu wa Lorkani wakasema ni la Mheshimiwa. Kinywa chake kilidanganya mara moja, lakini alikuwa tayari kuupoteza ukubwa kwa sababu ya mjane asiye ndugu yake. Mtu kama huyo ndani yake ni mkweli.

Wanawake wakasema ni la Nuala. Wengine wote ukweli uliwapa kitu. Yeye ulimnyang'anya mume mara ya pili, na bado aliusema.

Wakamgeukia Nuala mwenyewe. Akasema, "Liacheni lilivyo. Malaki alisema neno moja miaka thelathini, hakulibadilisha, hakuomba kwalo kura wala chai. Mkuu wenu alilisema siku moja tu, na mkamwamini kwa sababu ana gari."

Jiwe halijaguswa. Paki yupo pale mpaka leo, anasema Mwanamvua, kila Jumapili anakwenda na patasi, anasimama, anarudi nayo.

Je, nani alistahili jiwe lile? Paki, Lorkani, Nuala, au huyo aliyelala chini yake? Jibu msinipe mimi, mimi nina langu na nimelificha. Ukifika kwako mwulize wa kwanza utakayemkuta mlangoni, naye akishajibu amwulize wake, na huyo wake, hivyo hivyo, mpaka swali limfikie Zuhura upande huu na Mwanamvua upande ule. Labda siku hiyo mmoja atampigia mwenzake simu, japo kwa kumtukana.