Mpya Mbele, Kuukuu Nyuma

Wa nyuma akiteleza, wa mbele hana njia. Mmeisikia leo, mtu akimwambia mwenyekiti mbele ya mkutano mzima, mkaona watu wazima wameinamisha vichwa, nanyi sasa mnataka kujua imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wasio na majina. Waliomsikia aliyeisema mara ya kwanza wangali hai, na kaburi lililoizaa lina msalaba wa saruji unaosomeka hadi leo. Methali hii ilianzia gereji, na ilianza hivi.

Katika mji wa Kidamba, huko juu kwenye baridi na mashamba ya chai, palikuwa na fundi wa magari aitwaye Aidani Chaula. Mkewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja tu, Fokasi. Gereji ya Aidani ilikuwa na sheria aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi: mteja akileta tairi mbili mpya, zinafungwa mbele, na zile zilizolika zinahamia nyuma. "Mpya mbele, kuukuu nyuma," ndivyo alivyokuwa akisema huku akizungusha spana. Ukimuuliza sababu, alikujibu kwamba mbele ndiko kwenye usukani, mbele ndiko macho yanakotazama, na nyuma hufuata tu kama mkokoteni unavyomfuata punda. Miaka ishirini alifunga tairi hivyo. Hakuna aliyerudi kulalamika, na jambo ambalo halijalalamikiwa miaka ishirini hugeuka kuwa ukweli.

Kijana mmoja wa mji ule, Wendelini Kihwele, mtoto wa mfanyabiashara wa mbao, alinunua gari jekundu la mashindano. Lilikuwa na milango miwili, limeinama hadi unadhani limekaa chini, na nguvu zake zote zilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye boneti aliandika kwa rangi nyeupe: MBELE KWA MBELE. Kila mwaka, mvua za masika zilipoanza kupungua, palikuwa na mbio za kupanda mlima wa Kidamba, kilomita kumi na moja zenye kona arobaini na tatu. Wendelini alikuwa ameshinda mara mbili. Akishinda ya tatu, kikombe kingebaki nyumbani kwao daima. Aliyekaa kushoto kwake akimsomea kona kutoka kwenye karatasi alikuwa Fokasi, mtoto wa fundi.

Siku mbili kabla ya mbio, Wendelini alirudi kutoka mazoezini amenuna.

"Kamwene, Mzee Chaula," alisalimia bila kutazama mtu. "Gari lina wazimu. Mkia hautulii."

"Unatoka lini? Unapoingia kona, au unapotoka?"

"Ninapotoka. Nikikanyaga mafuta tu, makalio ya gari yanataka kunipita."

"Na ukiachia mafuta ghafla ukiwa katikati ya kona?"

"Hapo ndipo linapojizungusha kama mbwa anayetafuta mkia wake."

Fokasi alicheka. "Baba, mimi huko ndani nimeshasali sala zote ninazozijua. Jana nimeanza kutunga nyingine."

Aidani hakucheka. Alivaa kofia ngumu ya mwanawe, akakaa kushoto, akapanda mlima na Wendelini ili ausikie ugonjwa kwa mwili wake. Waliporudi akaanza kutafuta. Akaminya springi, zilikuwa nzima. Akapima upepo wa tairi, ulikuwa sawa. Akashika kila kiungo cha magurudumu ya nyuma akikitikisa, hakuna kilichocheza. Ndipo akachuchumaa nyuma ya gari, akapitisha kiganja juu ya tairi. Tairi ilikuwa karibu kipara. Akaenda mbele, akapitisha kiganja kilekile. Huko tairi zilikuwa mpya, bado zina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Alizifunga mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sheria yake.

Alichuchumaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Katika gari hili hapakuwa na mkokoteni unaofuata. Punda mwenyewe alikuwa nyuma, anasukuma, naye Aidani ndiye aliyemvua kwato. Akawaza mapikapu yote yaliyopita mikononi mwake kwa miaka ishirini, yote yakisukumwa kutoka nyuma vilevile.

Angeweza kuzihamisha siku ileile. Hakufanya. Alijiambia kwamba mawingu yanaondoka, na njia ikiwa kavu dosari ile haitaonekana. Kusema kweli, hakujua angemwambia vipi Wendelini.

Asubuhi ya mbio, mvua ikanyesha. Si kubwa, ni ile rasharasha ya milimani isiyokata, na matrekta ya chai yalikuwa yamepita alfajiri yakaacha matope mekundu juu ya lami. Watu walijaa mahali pa kuanzia, wengi wao wateja wa gereji. Aidani akafika na jeki begani na spana mkononi.

"Wende, nipe dakika kumi. Nahamisha tairi. Hizi mpya ziende nyuma."

Wendelini alimtazama, kisha akawatazama watu. "Mmesikia? Fundi anataka kuuvisha mkia viatu, kichwa kiende peku!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyetufundisha. Mpya mbele, kuukuu nyuma. Leo umeota nini?"

"Sheria ile ilikuwa na kosa," alisema Aidani. Alisema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, wenzio hawajasikia! Wote hawa umewafungia hivyo. Walikuwa wanakosewa?"

Aidani akafungua kinywa. Mbele yake alisimama dereva wa lori la kanisa. Alisimama mwalimu mkuu. Alisimama mjane mwenye pikapu ya kubebea viazi. Wote walikuwa wakimtazama, wakingoja jibu. Akafunga kinywa.

"Baba, mwache," Fokasi alisema, akijifunga mkanda. "Atakwenda taratibu."

"Taratibu ni ya gari la harusi," Wendelini akamjibu, na watu wakacheka tena.

Hapo, vijana, ndipo kilipo kiini cha hadithi hii. Aidani angeweza kumshika mwanawe mkono akamtoa kwenye kile kiti. Alikuwa baba yake, na nani angemzuia? Lakini kumtoa kulikuwa kusema mbele ya mji kwamba kazi yake ya miaka ishirini ilikuwa na kosa. Akachagua maneno badala ya mkono. Aliinama dirishani.

"Basi nisikilize, Wende. Mkia ukitoka, usikanyage breki. Usiachie mafuta kwa kushtuka, yapunguze polepole kama unavyomlaza mtoto. Geuza usukani upande uleule mkia ulikokimbilia. Na gari likishikika tu, urudishe usukani upesi, maana ukichelewa litakutupa upande wa pili kwa hasira. Macho yako yatazame njia, yasitazame korongo."

"Nimekusikia, mzee."

Fokasi akampungia baba yake ile karatasi ya kona. Ilikuwa imeshaanza kulowa.

Aidani alipanda pikipiki ya mtu hadi Kona ya Mianzi, inayopinda kushoto, yenye korongo na mikaratusi upande wa kulia. Alisimama kwenye matope akisikiliza. Kwa sauti ya injini pekee alijua kila kilichokuwa kikitokea huko chini: hapa amekanyaga, hapa mkia umetoka, hapa ameukamata. Mara ya kwanza ameukamata. Mara ya pili ameukamata. Watu walioko chini walishangilia, na kila shangwe ilimchoma, kwa sababu alijua kijana yule anajifunza kwamba anaweza.

Gari likatokea. Liliingia kona vizuri, pua yake ikaenda palepale ilipoambiwa. Kisha Wendelini akakanyaga mafuta juu ya matope ya matrekta, na mkia ukakimbilia kulia. Hakugusa breki. Aligeuza usukani kulia, kama alivyofundishwa. Tairi za nyuma zikapita matope, zikafika kwenye lami, zikashika kwa ghafla. Lakini mikono ya Wendelini ilikuwa bado kulia. Ilichelewa kiasi cha kupepesa jicho. Gari likajirusha upande wa pili, likaenda likiwa limeutanguliza ubavu wake wa kushoto, na ubavu huo ukagonga mkaratusi.

Aidani ndiye aliyefika wa kwanza. Gari lilikuwa limelala upande, magurudumu ya mbele yangali yakizunguka, vinywele vyake vya kiwandani vikionekana. Ya nyuma yaling'aa mvuani kama paji la uso. Fokasi alikuwa bado ameshika karatasi. Kidole gumba kilikuwa kwenye kona inayofuata. Baba yake alimwita kwa jina lake la ubatizo, kisha kwa jina la utotoni ambalo hakulitumia tangu mke wake afariki, na hakuna lililoitikiwa.

Siku ya tatu ya msiba, Wendelini alikuja mkono wake ukiwa umefungwa. Alisimama mbele ya wazee, akasema kile ambacho bila shaka alikuwa amekirudia kitandani usiku na mchana.

"Sikukosea. Nilifanya kama mzee alivyoniambia. Tairi za mbele zilinitii hadi mwisho."

Aidani aliinua kichwa, na safari hii alisema kwa nguvu, hata waliokuwa nje ya uzio walisikia.

"Zilikutii. Mbele yako palikuwa na macho, palikuwa na usukani, palikuwa na kucha mpya. Vyote vizuri tulivipeleka mbele. Lakini wa nyuma akiteleza, wa mbele hana njia. Na aliyemvua viatu wa nyuma ni mimi. Nilijua siku mbili kabla. Nikaona haya."

Kisha akaketi. Maneno yale yakatoka msibani yakaingia mjini, na watu wakaanza kuyatumia kwa viongozi, kwa wenye mashamba, kwa kila anayejivisha vizuri huku wanaomsukuma wakiwa peku.

Aidani alirudi gereji, akaanza kuwaita wateja mmoja mmoja. Alihamisha tairi zao bila malipo, akimweleza kila mmoja kwamba alikuwa amekosea. Wengine walimwonea huruma. Wengine hawakurudi tena.

Baada ya miaka sita, pikapu ya kubebea mbao ilisimama mlangoni. Wendelini alishuka, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Nyuma ya pikapu palikuwa na tairi mbili mpya.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene."

Aidani akaenda kuchukua jeki. Aliporudi alimkuta Wendelini amepiga magoti kwenye matope, nyuma ya gari, mkono wake uliopinda ukihangaika na nati ya kwanza ya gurudumu la nyuma. Aidani akachuchumaa kando yake, akashika spana upande wa pili, wakafungua pamoja. Huenda mnangoja niseme alimsamehe. Sijui, wala hajawahi kumwambia mtu.

Ninachojua ni kwamba kila mwaka, mvua za masika zikipungua, Aidani hupanda hadi Kona ya Mianzi peke yake na kusimama palepale kwenye matope, akisikiliza. Mbio hazifanyiki tena. Basi mkimsikia mtu akiitamka methali hii, msicheke, na mjue ilinunuliwa kwa bei gani: wa nyuma akiteleza, wa mbele hana njia.