Bibi Aliyefukuzwa Kwenye Banda la Magunia

Ndugu yangu, soma hii mpaka chini, halafu mtumie kila bosi unayemjua. Wangu nimeshamtumia, akinuna shauri yake.

Si zamani sana, Mzee Nangomwa alikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Wabanguaji walikuwa wanawake kumi na wawili, wote wana watoto wadogo. Mtoto haingii ndani, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Basi watoto walishinda kwenye banda la magunia nyuma ya kiwanda, kwa Bibi Ajenjele, kikongwe mwenye magoti mabovu na nyimbo zisizokwisha. Kila mama alimletea unga kidogo, maisha yakaenda.

Siku moja mzee akapita huko nyuma, akakuta nepi zimeanikwa juu ya magunia yake. Loo, alifoka!

"Hapa ni kiwanda au kliniki? Bibi, kesho nisikuone!"

Bibi akajikongoja kwenda kwake. Kina mama wakawaacha watoto popote palipopatikana: kwa jirani, kwa muuza maandazi, wengine kando ya barabara.

Wiki hiyohiyo korosho zikaanza kuvunjika. Na korosho iliyovunjika, jamani, haina bei. Mzee akanunua visu vipya. Zikavunjika. Akabadilisha meza. Zikavunjika vilevile. Akaja juu.

"Ijumaa nasimama hapa mwenyewe. Atakayevunja, aende nyumbani moja kwa moja!"

Aliyeogopa kuliko wote ni Somoe, mama wa mtoto wa miezi minane. Mumewe alikuwa mgonjwa, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote watatu.

Ijumaa mzee akaanza na meza ya Somoe. Somoe akabangua ya kwanza, ikatoka nzima. Ya pili, nzima. Ya kumi, nzima. Mzee akaanza kutabasamu.

Mara kikasikika kilio chembamba kutoka barabarani.

Visu kumi na viwili vikateleza kwa pamoja. Korosho zikapasuka kila meza, na kina mama wote wakakimbilia mlangoni, kila mmoja akiita jina la mwanawe. Mzee akawafuata mbio.

Alikuwa mwanambuzi! Amenasa kwenye ua wa jirani, anamlilia mama yake.

Kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Somoe peke yake ndiye aliyelia.

"Mzee, nifukuze tu. Mikono yangu iko mezani, lakini masikio yangu yako huku nje."

Mzee aliona aibu. Akauliza, "Yule bibi anakaa wapi?"

Akaenda kupiga hodi mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nimekosa. Rudi, nitakupa kanga doti mbili."

"Marahaba. Kanga ninazo, mwanangu. Nilipe mshahara kama mbanguaji. Na yale magunia uyatoe, watoto wapate pa kulala."

Jumatatu bibi akarudi na mkeka wake, na korosho zikarudi kutoka nzima. Somoe yupo kazini hadi leo, mwanawe ameshaanza kutembea. Na zile nepi? Zinaanikwa kwenye kamba aliyoifunga Mzee Nangomwa kwa mikono yake.

Funzo: Ukitaka mikono ya mama itulie kazini, hakikisha mwanawe ametulia kwanza, na anayemlea mtoto huyo naye yuko kazini, mlipe.