Kibao cha Kurandia cha Mwanatumu

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu, maana nikikaribia pa kucheka huwa nacheka peke yangu.

Shemeji yangu Mwanatumu, fundi seremala, alikuwa na kibao cha kurandia. Ukiegemeza mbao kwenye kizuizi chake, ukalaza randa ubavu na kusukuma, ncha inanyooka kabisa. Siku hiyo nilikuwa kwenye banda lake la kupanga, na kitanda cha bi harusi kilitakiwa kabla ya magharibi. Mara akaingia mwenye banda, Bwana Shebughe.

"Nipe kibao hicho, la sivyo hamisha vitu vyako leo!"

"Chukua, baba. Ila kina maringo, mkono mgeni hukikataa. Kizoeze kwanza kwa vipande hivi."

"Mimi nikataliwe na ubao?"

Akavua koti, akasukuma randa. Kila alipomaliza kipande, Mwanatumu alikikagua, akaguna. "Bado kinakununia, baba. Jaribu kingine."

Adhuhuri Bwana Shebughe aliitupa randa. "Baki nacho! Kina shetani hicho!" Akaondoka ameshika kiuno.

Mwanatumu akaviokota vipande vyote, vimenyooka sawasawa, akaanza kuunga kitanda.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi.

"Unacheka, shemeji? Wewe ndiye kingekukataa kabisa."

"Mimi?" Nikakunja mikono ya shati. Vilikuwa vimebaki vipande vya kabati.