Jogoo wa Mtu wa Getini

Wapendwa, kabla sijaendelea, nani kaja na kuku huyo? Amenijibu mara mbili tangu nipande hapa, na "Amina" yake ina nguvu kuliko ya kwaya nzima! Hapana, mama, usimtoe nje. Mfunike tu na kitenge, zamu yake itafika. Amenikumbusha jambo, na sasa yale niliyoyaandaa nayaweka pembeni. Leo nawapa habari ya jogoo.

Kulikuwa na mtu mmoja, ombaomba. Usharika wake ulikuwa huko milimani kunakolimwa tangawizi: kanisa la mawe, geti la chuma, na pembeni ya geti gunia limetandikwa chini. Juu ya gunia, yeye. Mguu mmoja ulipooza tangu utotoni, akawa anatembea kwa mkongojo. Watu walimwita Wa Getini. "Umempita Wa Getini?" "Hebu mpelekee Wa Getini hii." Jina alilopewa na mama yake, thubutu! Hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Sasa msije mkadhani watu wa usharika ule walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wanatoa! Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kiwanda cha mbao, jamani, yule bwana alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Kila Jumapili gari linafika getini, kioo kinashuka, mkono unatoka, noti inaanguka. Wa Getini anaipokea kwa mikono miwili, kama mama yake alivyomfunza, anasema, "Mungu akuzidishie, baba." Kioo kinapanda. Mwaka baada ya mwaka, hivyo hivyo. Wa Getini aliujua mkono ule, saa yake na pete yake, kuliko alivyoujua uso wa mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mjane, muuza maandazi. Huyo alikuwa na ulimi! Ulimi huo ungemenya ndizi mbichi bila kisu. Siku moja Wa Getini akamnyooshea kiganja.

"Leo hela sina," akasema yule mama. "Na hata ningekuwa nazo, nisingekupa. Nimechoka kukuona hapo kama nguzo ya geti. Unaitwa nani?"

Jina lake lilikuwa limekaa siku nyingi bila kutumika.

"Eliakunda," akasema.

"Haya, Eliakunda. Mguu umekataa, mikono nayo?"

"Mikono mizima, mama."

"Unapolala pana kiwanja?"

"Kidogo, nyuma ya chumba."

"Basi kesho njoo uchukue tetea. Sikupi jumla, usianze kufurahi! Akitotoa na vifaranga wakikua, unanirudishia tetea mmoja, nami nampa mwingine mwenye shida. Na ukimla, wallahi nakufuata na mwiko huu mpaka madhabahuni."

Na huyo ni Mlutheri anaapa wallahi! Muuza maandazi ana majirani wa kila aina.

Eliakunda alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Yule tetea alilala ndani, chini ya kitanda, maana Eliakunda aliogopa kicheche. Akataga. Akatotoa. Kicheche akaja kweli, akachukua vifaranga wawili, na Eliakunda akalia kama aliyefiwa. Waliobaki wakakua. Tetea mmoja akarudi kwa mama maandazi kama walivyoagana. Mayai yakaanza kwenda kwenye mgahawa wa stendi. Lile gunia la getini likaanza kukosa mtu siku za kazi, mpaka ikabaki Jumapili tu.

Na katika vifaranga wale akatokea jogoo. Mwekundu! Shingo ndefu, upanga mkubwa kichwani, sauti ya kuamsha kijiji cha pili. Mwenye mgahawa akamtaka. Eliakunda akasema, "Huyu hauzwi." Yule wa mgahawa akapandisha bei. "Nimesema hauzwi, kaka."

Mnajua kwa nini? Miaka yote amekaa pale getini alikuwa anasikiliza mnada. Nanyi mnaujua mnada wetu: asiye na fedha analeta mkungu, analeta mayai, na ibada ikiisha mzee wa kanisa anavinadi uwanjani, watu wanashindana bei, hela inakwenda kwa Bwana. Yeye alikuwa anasikia kutoka nje ya ukuta. "Mkungu wa mama fulani!" Vigelegele. "Malimau ya bibi fulani!" Vigelegele. Bibi kizee analeta malimau matatu yaliyosinyaa, na jina lake linatajwa mbele ya watu na mbele za Mungu. Eliakunda alitaka kitu kimoja duniani. Hakutaka gari, hakutaka bati la nyumba. Alitaka siku moja na yeye atoe, na jina lake litajwe. Basi!

Na sisi hapa kapu la sadaka likipita mara ya pili tunanong'onezana, "Jamani, tena?" Kuna mtu nje ya ukuta anaililia hiyo zamu yako.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Eliakunda kaoga, kafua shati, jogoo kwapani. Akafika getini. Gunia lake lile pale. Akalitazama, akalipita! Mlangoni mhudumu akamzuia, "Wa Getini, vipi, umepotea?" Akajibu, "Leo sijapotea, ndugu yangu." Akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa. Mchungaji anaomba, jogoo anawika. Mchungaji anaomba tena, jogoo anawika tena. Watoto hoi kwa kicheko.

Kutoka pale alipokaa, mlango ukiwa wazi, aliliona gari la bwana wa mbao likisimama getini. Kioo kikashuka. Mkono ukatoka na noti yake, ukangoja. Hakuna mtu. Mkono ukabaki unaning'inia hewani, haujui pa kwenda, halafu ukarudi ndani taratibu. Eliakunda alitaka kucheka na kumwonea huruma kwa wakati mmoja.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mkungu ukaenda. Tangawizi ikaenda. Mzee wa kanisa akamnyanyua jogoo juu. "Haya, jogoo! Jogoo wa... jogoo wa..." Akakwama. "Jogoo wa Wa Getini!"

Watu wakacheka. Sauti ikatoka nyuma, kubwa kuliko hata mwenyewe alivyotegemea: "Naitwa Eliakunda!"

"Jogoo wa Eliakunda!" mzee akapaza. "Nani ananunua?"

Watu wanatazamana. Mmoja ananong'ona, "Masikini, na yeye atakula nini?" Hakuna mkono unaopanda. Jamani, atatoa, halafu kitu chake kikose hata mtu wa kukitaka?

"Elfu kumi!" Ni mama maandazi. "Mmeganda nini, hamjawahi kuona kuku?"

"Kumi na tano!" akasema mwalimu wa kwaya.

"Ishirini!"

"Thelathini!" Sasa moto umewaka! Vijana wanapiga miluzi, akina mama wamesimama, mzee wa kanisa jasho linamtoka, jogoo anapigapiga mabawa. "Arobaini!" "Hamsini!" Halafu ikatoka sauti nzito kutoka upande wa magari: "Laki moja!"

Bwana wa mbao. Uwanja ukalipuka! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kauzwa! Eliakunda akaegemea mkongojo, machozi yanamtiririka, na hata hakuyafuta. Ametoa. Jina lake limetajwa. Sadaka yake imetakiwa na watu.

Bwana yule akaja mbele, akamchukua jogoo, akainua mkono watu wanyamaze.

"Wapendwa, laki moja ni ya Bwana. Lakini dhamiri yangu hainiruhusu kula kuku wa masikini huyu. Namrudishia mwenyewe, akale!"

Akamkabidhi jogoo. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile noti iliyokosa mtu getini asubuhi, akaichomeka kwenye mfuko wa shati la Eliakunda.

Vigelegele maradufu! Kwaya ikaanzisha wimbo bila kuambiwa. Nawauliza, mngekuwepo mngepiga makofi? Mngepiga! Semeni kweli, mko nyumbani mwa Bwana.

Wawili tu hawakupiga. Mama maandazi, na mwenye jogoo. Eliakunda alihisi ni kama amekalishwa tena juu ya lile gunia. Kutoka getini mpaka pale uwanjani ametembea karibu mwaka mzima, na neno moja la huruma limembeba likamrudisha nje. Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwa sababu bwana yule hakuwa na nia mbaya. Mtu akikutukana utamjibu. Mtu akikudhalilisha kwa wema, na watu wanashangilia, utasema nini? Tayari lile neno la siku zote lilikuwa mdomoni: "Mungu akuzidishie, baba." Angelisema, mambo yangeishia hapo.

Akalimeza.

"Mzee wa kanisa," akaita, "jogoo huyu sasa ni wa nani?"

"Ni wako, ndugu yangu. Umerudishiwa. Shukuru."

"Kama ni wangu, namtoa tena."

Wimbo wa kwaya ukafa katikati. Eliakunda akajikongoja mpaka mbele ya bwana wa mbao. Akasema, kila mtu akisikia.

"Baba, noti zako nimezila miaka mingi. Nimenunulia unga, nimenunulia dawa. Zilinifaa, siwezi kuzitukana. Lakini nilizipokea zote. Hakuna hata moja niliyokurudishia mbele za watu nikasema dhamiri yangu hainiruhusu. Na wewe usinirudishie changu. Mpeleke huyu nyumbani, mama amchinje, mle. Mimi nimekula chako, baba. Leo na wewe ule changu."

Bwana yule alisimama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea. Kutoa alikujua. Kupokea, tena kutoka kwa mtu wa juu ya gunia, hakuwahi kufundishwa na mtu. Mkono wake ukaanza kurudi mfukoni wenyewe, kwa mazoea.

"Acha mfuko, baba!" akasema mama maandazi. "Hapa mfuko hausaidii."

Mkono ukatoka mtupu. Ukaja na wa pili. Bwana wa mbao akanyoosha mikono yote miwili, akainama kidogo, akampokea jogoo, na jogoo naye hakumkopesha, akamdonoa! Akatafuta neno la kusema. Hakulipata lingine ila lile alilolisikia kila Jumapili kioo kikipanda. Akalisema.

"Mungu akuzidishie, Eliakunda."

Najua kuna mtu hapo anauliza, na ile noti je, aliirudisha? Hakuirudisha ng'o! Unga ulikuwa umeisha nyumbani, akaenda nayo dukani siku hiyohiyo. Kupokea si aibu, wapendwa. Aibu ni kumfanya mtu apokee tu, maisha yake yote, mpaka siku anayoleta chake tunamwambia rudi nacho, wewe si wa kutoa.

"Mchungaji, kwa hiyo getini tusitoe?" Toeni! Nani kasema msitoe? Njaa ya leo haingoji tetea atotoe. Mwenye njaa mpe ale, na usimhoji kama polisi. Lakini ukishampa, shuka kwenye gari. Muulize jina. Muulize mikono yake inaweza nini, kama alivyouliza yule mama mwenye ulimi, kisha na wewe umpe tetea wako, chochote kile kinachoweza kutotoa. Na akifanikiwa, akija kukaa benchi moja na wewe, usimtazame kama amekukosea. Maana wengine wetu, tusidanganyane, tunampenda masikini akiwa chini pale tu. Akisimama, tunaukosa mkono wa kuutupia noti, na Jumapili yetu inaharibika.

Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Tunaisema kila harambee! Basi kama ni moyo, yule wa nje ya ukuta hana moyo? Tumejenga nyumba ya Mungu, upande mmoja tukaweka wa kutoa, upande wa pili wa kupokea, katikati tukapigilia geti. Mimi sikumbuki Bwana akituagiza geti.

Leo tukitoka hapa, karibu na bomba la maji amekaa mama mmoja na mtoto. Mpeni. Lakini kaeni naye kidogo, na akiwakaribisha karanga zake tatu, msimwambie "ah, mama, kula tu wewe." Zipokeeni. Kwa mikono miwili. Tafuneni.

Haya, nimemaliza, mnada unatungoja. Na wewe mama wa benchi la nyuma, mfunue huyo kuku wako apate hewa. Njoo naye mbele hapa, usiogope. Kabla mzee wa kanisa hajamnyanyua, tuambie, wote tusikie: unaitwa nani, mama?