Neno Lililoushinda Mtaa

Palikuwa na tajiri pale Tanga, Bwana Hilali Mabati, aliyetaka mlango wa gereji umtii kuliko wanavyomtii watoto wake. Mabati ni biashara yake, si ukoo wake, ila kelele ni zile zile.

Basi wauza vifaa wakamjia na mitambo yao ya kisasa. Wa kwanza unafungua mlango kwa simu. Akaukataa: "Simu yangu mke wangu anaijua kuliko mimi." Wa pili unataka intaneti. Akaukataa pia, maana intaneti ya mtaa ule huja na kupotea kama mchumba asiye na mahari. Wa tatu una sikio: unauita "Mlango", unautajia neno la siri, mlango unapanda wenyewe. Huo akaupenda papo hapo. Mtu wa kuamrisha hupenda chenye sikio kisicho na mdomo.

Fundi akauweka uijue sauti ya bwana peke yake. Bwana akashikwa mafua, mlango ukamkana. Akabaki nje anapiga chafya na honi kwa zamu. Akafoka: "Mambo ya sauti toa! Uangalie neno tu!"

Haya, neno gani? Akaweka "Dubai". Jua halijafika utosini, Kibwana mpishi yumo gerejini, anakula tende za bwana. Akaweka "Mabati". Muuza maziwa akaingia na baiskeli yake. Akaweka jina lake, la baba yake na la babu yake, na "Alhaji" mbele. Mkewe, Bi Zuwena, akalipata mara moja, tena huku anasuka ukili wa mkeka.

Mimi na shule tuliachana mapema, kila mmoja akashika njia yake, lakini hesabu hii hata mimi naiweza: mtu akilisema jambo mchana kutwa, siri iko wapi?

Sasa nje ya ukuta wake alikaa Mwajabu, mkaanga mihogo. Mdomo wake ule, pilipili ya mihogo yake ilikuwa inaomba mafunzo. Bwana Hilali akadai moshi unampaka mlango wake masizi. Akalibeba karai la watu, akalifungia gerejini. Mkaanga mihogo bila karai ni nani? Ni mtu mwenye mihogo. Jiko limepoa, watoto wanamtazama mama yao usoni.

Mwajabu akaja. "Bwana, karai langu."

"Karai unalitaka? Nasikia una mdomo. Haya, nipe neno la mlango ambalo hakuna mtu atakayelikisia. Watu watajaribu mpaka adhana ya alasiri. Wakishindwa, chukua karai lako na mahali pako ukae. Akilipata hata mmoja, unahama mtaa huu, na karai nitawanyweshea kuku."

"Unataka neno gumu, Bwana?"

"Gumu!"

"Gumu kwa nani?"

"Kwa wote! Unauliza nini?"

"Nauliza kwa sababu nitakalokupa hata mtoto wa chekechea analo. Na wewe nakutia kwenye hao wa kujaribu."

Bwana Hilali akacheka mpaka kitambi kikamtangulia. "Mimi? Mlango wangu mwenyewe? Nitalipata kabla hujakaa chini!"

Fundi akautega mtambo upokee neno jipya, Mwajabu akaunong'oneza lake, mlango ukashuka. Gari la bwana ndani, bwana nje, na harusini wanamngoja.

Mtaa ukajaa. "Mlango, dhahabu!" Kimya. "Mlango, riba!" Watu wakakohoa, bwana akageuka kumtafuta aliyesema. Kibwana akasogea: "Mlango, pilau!" Kimya. Bi Zuwena akachungulia dirishani: "Mlango, mke wa pili!" Hata hilo, jamani! Bwana akawasukuma wote. "Mlango, Hilali! Mlango, mkubwa! Mlango, funguka, mbwa wee!"

Mlango ukamtazama tu.

Allahu akbar, alasiri hiyo.

"Umeniibia mlango wangu!" bwana akafoka.

"Mlango si huo hapo, Bwana? Kilichokosekana ni neno, na hilo sikulikuta kwako."

"Umeweka neno la Kizungu!"

"La Kiswahili."

"Basi la kichawi!"

"La watoto. Wanafunzwa kabla hawajajua kufunga vifungo."

"Mwongo! Zuwena amekaa nami tangu ujana wetu. Lingekuwepo neno kama hilo, angelikosa?"

Bi Zuwena akajibu kutoka dirishani: "Mie nimeyajaribu yote niliyowahi kuyasikia kwako, mume wangu. Yamekwisha."

"Litaje basi, mwanamke wee! Harusi inanipita!"

Mwajabu akajifunga kanga vizuri. Akalisogelea lile sikio la mtambo, akainama kidogo, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake.

"Mlango, samahani."

Mlango ukapanda wote, mpaka juu. Karai likaonekana limekaa juu ya magunia ya mchele kama bibi harusi.

Bwana Hilali akageuka huku na huku. Akamtazama fundi, akamtazama mkewe, akautazama mtaa mzima unaojishika mbavu. "Samahani? Hilo tu? Fundi! Libadilishe sasa hivi! Mimi hilo silisemi ng'o!"

Mwajabu akaingia, akalitwaa karai lake, akalipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akalitia kichwani.

"Usilibadilishe, Bwana. Ulitaka neno ambalo mwizi hatalisikia kamwe likitoka kinywani mwako."