Wanasesere wa Mkono wa Kushoto

Ukimficha wa kwanza, wa mwisho hana mama.

Nimesema hivyo asubuhi hii, na ninyi wanafunzi wangu mkabaki mnanitazama kama mbuzi aliyepigiwa gitaa. Tulizo ndiye aliyefungua kinywa: "Fundi, hiyo methali ni ya wapi? Shuleni hatukuisoma." Shuleni hamkuisoma kwa sababu haikutoka shuleni. Mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo msidhani nimeiokota kitabuni. Ilitoka nyumbani kwetu, hapa hapa Njombe, na siku iliposemwa nilikuwapo. Wekeni mikasi chini. Msemo huu ulizaliwa hivi.

Mama yangu, Onolina, alikuwa fundi wa sare za shule. Alikuwa katika kikundi cha akina mama waliokuwa na chumba cha kushonea nyuma ya soko, na cherehani ya dirishani ilikuwa yake. Ninyi mnajua maana ya kukaa dirishani. Mwanga wote ni wako, na hapo hawekwi mtu kwa sababu ya uzuri wa sura.

Siku moja kiharusi kilimkamata akiwa anapiga pasi. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa Makambako nikishona kwenye duka la watu. Aliyekuja kumtunza ni shangazi Lukresia, dada yake baba. Alimtunza vizuri. Nalisema hili mapema, maana mtamkasirikia mbele ya safari.

Mama Fidea, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kumjulia hali na kikapu cha viazi, na chini ya viazi alikuwa na maneno mazito.

"Mama Gaitani," alisema, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe, "cherehani haiwezi kukaa bure, kuna wanaoingojea. Tumekaa, tumekubaliana tukungoje mwaka mmoja. Mwaka ukiisha utuletee kazi ya mkono wako tuione. Ikiwa ni kazi, kiti ni chako. Isipokuwa kazi, tutakushukuru kwa yote."

"Kazi ya mkono upi?" mama akauliza.

"Ulio nao."

Kesho yake mama alimwomba shangazi amshushie mfuko wa vipande vya vitambaa uliokuwa juu ya kabati.

"Unataka kushona nini, wifi?"

"Midoli."

"Midoli! Ugonjwa umekurudisha utotoni?"

"Mdoli ana shingo, ana kwapa, ana kiuno. Kila panaponishinda kwa mtu, pako kwa mdoli. Na mdoli nikimbana kwapani hapigi kelele."

Akajiwekea masharti, na hakuna aliyemlazimisha. Kila wiki atengeneze mwanasesere mmoja, mpaka mwaka uishe. Kila mmoja awe na kitu ambacho aliyemtangulia hana. Na akishamaliza mmoja, hamfumui wala hamrekebishi, hata akiwa kichekesho. Anakaa kama alivyozaliwa.

Wa kwanza alikuwa kichekesho kweli. Mama alikuwa hajawahi kushika sindano kwa mkono wa kushoto. Mishono ilikwenda kama nyayo za kuku kwenye tope. Shingo hakuwa nayo, kichwa kilimlalia begani, na macho yake ya kunde, moja lilitazama juu na moja likatazama mlangoni. Watoto wa jirani walipomwona wakapiga makelele: "Mlevi! Mlevi!" Jina likamkaa. Mama alicheka mpaka machozi, akamketisha Mlevi kwenye benchi la sebuleni.

Wa pili alipata shingo, ila mikono haikulingana. Wa tatu alivaa gauni ambalo mama alilishona pamoja na sketi yake mwenyewe, akainuka kwenda kupika, mwanasesere akiwa ananing'inia mapajani. Shangazi alipasua mshono huku anasonya.

Kilichomtesa zaidi ni kutia uzi kwenye sindano. Mkono mmoja ushike sindano au ushike uzi? Alijaribu kushika sindano kwa meno, ikamchoma ulimi. Ndipo siku moja, akipukuchua mahindi, akaona dawa iko mkononi mwake. Alichukua gunzi, akalibana katikati ya magoti, akachomeka sindano tundu likiwa juu, kisha akatia uzi kwa kushoto. Kuanzia hapo gunzi lile likawa mkono wake wa pili. Mkono wa kulia nao akaupa kazi ya jiwe: aliulaza juu ya kitambaa ukikandamize kisitembee.

Wiki zikaenda. Akatoka mwanasesere mwenye mifuko, na mwingine mwenye kola. Akaja muuza viazi mwenye gunia mgongoni, na padri aliyevaa kanzu yenye pindo lililonyooka. Wakati wa baridi kali, vidole vikafa ganzi, akashonea karibu na moto, na wanasesere wa miezi ile wananuka moshi hadi leo. Nilipokuwa nakuja likizo nilikuta benchi limejaa, nikamwambia mama mpaka ukutani hapana nafasi. Akanijibu, "Basi ungeleta benchi, si maneno." Nikaleta benchi.

Wa mwisho alikuwa mwanafunzi. Sikilizeni vizuri, nyie mnaonishonea sare. Sketi ya buluu ya marinda, kila rinda na mwenzake sawasawa. Shati jeupe lenye kola iliyosimama. Sweta alilikata kwenye mkono wa sweta langu bovu, akalipinda kingo. Na vifungo vilipita kwenye matundu yake, matundu ya kweli yaliyozungushwa uzi, madogo kama jicho la sisimizi.

Siku ya kwenda kikundini ikafika. Shangazi ndiye aliyepanga kikapu, akakifunika kitambaa safi na kukibeba, mama akiamini wote wamo, na mimi nilikuwa nimekuja kumshika mama mkono njiani. Tulipofika, akina mama walikuwa wameketi wote, na cherehani ya dirishani ilikuwa wazi, ikingoja wa kuikalia.

Mama akafunua kikapu.

Ndani kulikuwa na wale wa mwisho mwisho tu, wazuri watupu. Wa kwanza wote hawamo, wala gunzi halimo. Mahali pake palikuwa na kimto cha sindano, kipya, cha kuazima. Mama akamtazama shangazi. Shangazi akatazama bati la dari kana kwamba linavuja.

Kumwaibisha wifi yake mbele za watu hakukuwa desturi ya mama. Akampanga muuza viazi, akampanga padri, akampanga mwanafunzi.

Mama Fidea akamchukua mwanafunzi, akamgeuza nguo ndani nje, maana fundi hatazami nguo kwa mbele. Akapitisha kidole kwenye matundu ya vifungo. Akampa jirani yake, naye akampa mwenzake. Wakatazamana, lakini si kwa kusifu.

"Kazi hii ni nzuri mno," Mama Fidea akasema. "Nani kashona?"

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Nilio nao."

Mama mmoja wa nyuma akakohoa. "Mama Gaitani, tunakupenda. Lakini mwanao si fundi kule Makambako?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Sikushona mimi. Tundu la kifungo kama hilo mimi siliwezi." Na ilikuwa kweli, na mpaka leo siliwezi.

"Mtoto atasema nini tena juu ya mama yake?" wakacheka.

Mama Fidea akaweka mezani sindano, uzi na kipande cha kitambaa. "Tusibishane. Tutilie uzi tu, mama, tuone."

Mama akachomeka sindano kwenye kile kimto. Kimto kilikuwa laini, sindano ikalala. Akaisimamisha, ikalala tena. Akakibana kwa magoti, kikabonyea. Uzi ukapita pembeni kila mara. "Ningekuwa na gunzi langu," akasema polepole.

"Gunzi?" mmoja akauliza. "Unataka kuwasha moto?" Wakacheka tena.

Mama Fidea hakucheka. Hakuwa mwanamke mbaya. Akaichukua sindano taratibu kutoka mkononi mwa mama, akainamisha kichwa.

"Tumeona, mama," akasema. "Tunakushukuru kwa—"

"Msimshukuru!"

Ni shangazi. Alikuwa amesimama, mtandio umemwanguka. "Msimshukuru bado! Ngojeni!" Akatoka mbio, mwanamke wa miaka yake, kandambili mkononi.

Tulingoja. Nyumbani si mbali, lakini siku hiyo palikuwa mbali. Akarudi na kiroba kichwani, masizi usoni, akakimwaga juu ya meza kubwa ya kukatia. Wakatoka wote: waliopinda, wasiolingana mikono, na Mlevi juu yao kichwa begani, wote wananuka moshi wa dari ya jikoni.

"Niliwaficha mimi," akasema huku anahema. "Jana usiku. Niliona aibu. Nikasema, mtu akija kukuposea binti unamwonyesha vumbi chini ya kitanda? Gunzi nalo nikasema, fundi gani anatembea na gunzi? Nilitaka mwone mazuri yake tu. Kumbe nimemnyonga."

Walipomwona Mlevi kicheko kilianza. Hakikufika mbali. Mama alikuwa ameanza kuwapanga kwa mkono wa kushoto, mmoja baada ya mwingine kama walivyozaliwa, Mlevi mwanzo na mwanafunzi mwisho, kutoka pembe ya meza hadi pembe. Mama Fidea akainuka. Akaanza kwa Mlevi, akamgeuza, akatazama ndani. Akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu. Akina mama nao wakainuka, wakamfuata.

"Hapa mshono unaruka," akawa anasema, kama anayejisemea. "Umelalia upande wa kushoto. Hapa unaruka bado... Hapa kidogo. Hapa ameanza kukaza uzi. Tazameni, hapa ndipo alipojifunza kola, akaikosea. Na hapa kaipata. Hapa mshono umeacha kuruka. Ila bado umelalia kushoto." Akafika kwa mwanafunzi, akamsogeza dirishani, akakaza macho. "Umelalia kushoto. Huyu naye."

Akageuka. "Mkono ni mmoja," akasema. "Mkono ni mmoja toka huyu mlevi mpaka huyu mwanafunzi."

Mama alikuwa amelipata gunzi lake katikati ya wanasesere. Akaketi, akalibana kwa magoti, akachomeka sindano, akatia uzi kwa mara moja. Kisha akamtazama mwenyekiti kifuani.

"Mama Fidea, sogea hapa. Mwenyekiti wa mafundi, kifungo chako kinaning'inia tangu tulipoingia. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Weee! Chumba kililipuka. Mama Fidea mwenyewe alicheka akishika meza, akasogea, akainama, na mama akamshonea kifungo mwilini kwa mkono wa kushoto, akakata uzi kwa meno.

Shangazi alikuwa bado analia pembeni. Mama akamwita. Kila mtu alisikia, nami nawapa kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Wifi, futa machozi. Ulinionea aibu nisiyokuwa nayo. Huyu mwanafunzi hakushuka mbinguni, kamzaa Mlevi. Ulipomtia Mlevi darini, huyu akabaki yatima mezani, kila mtu anamuuliza wa nani. Ukimficha wa kwanza, wa mwisho hana mama."

Siku hiyo hiyo aliketi dirishani. Alishona sare pale miaka mingi, na kuna watu wazima hapa mjini waliokwenda darasa la kwanza wamevaa mshono uliolalia kushoto. Nikiwaona barabarani nawajua kwa majina. Nashona kola nzuri, mnalijua hilo, lakini nikiulizwa jambo la kujivunia sitaji kola yangu.

Akina mama wale wakaanza kuambiana maneno yake kila mwanafunzi mpya alipoharibu kazi. Yakavuka soko, yakaingia majumbani, na sasa wanayasema hata watu wasiojua kwamba yalianza na midoli. Mlevi alitundikwa juu ya dirisha. Mwanafunzi mmoja aliwahi kujitolea amtie shingo, kwa nia njema. Mama alimwambia, "Ukimgusa huyo, utoke na mfuko wako."

Haya. Tulizo, mwanangu, mimi si kipofu. Hilo shati lako la kwanza, lenye mkono mmoja mrefu, ulilolisokomeza chini ya benchi tangu juzi, litoe. Likung'ute. Msumari upo pale juu ya cherehani yako, litundike mbele za watu. Wakicheka, wacheke. Siku moja utashona shati ambalo mtu atalishika na kusema hukushona wewe, na siku hiyo utamwonyesha ukutani.

Ukimficha wa kwanza, wa mwisho hana mama.